Maria Montessori: munganga aliyejifunza kwa watoto wa maskini, na wake akalelewa mbali

Leo jina la Montessori linaandikwa kwenye milango ya garderi na shule za materneli katika nchi nyingi. Mara nyingi ni zile ambazo mzazi mwenye mfuko mwepesi anazipita tu barabarani. Ile ya kwanza haikuwa hivyo. Ilifunguliwa katika kartie ya maskini mjini Roma, kwa watoto ambao baba na mama walitoka asubuhi kutafuta kibarua, na hakuna mzazi aliyelipishwa. Mwanamke aliyeifungua alikuwa munganga. Wakati ule yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa kiume wa karibu miaka 9, na watu wachache sana walijua kwamba mtoto huyo yuko.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 mwezi wa nane mwaka wa 1870 huko Chiaravalle, karibu na mji wa Ancona, nchini Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mfanyakazi wa serikali. Mama yake, Renilde, alipenda vitabu katika nchi ambayo wakati ule wanawake wengi hawakujua hata kuandika majina yao. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee. Kazi ya baba iliwahamisha, na alipokuwa bado mdogo familia ikafika Roma.

Kwa msichana wa wakati ule aliyesoma, kazi iliyokubalika ilikuwa ualimu, na ndiyo baba yake alimtakia. Maria akakataa kabisa. Kwanza alitaka kuwa injinia, akasoma shule ya ufundi iliyojaa wavulana, kisha akabadilisha mawazo, akasema anataka uganga. Baba hakufurahi. Mama akasimama upande wa binti yake. Kwenye masomo ya uganga, wakubwa waliona ni aibu mwanamke apasue maiti mbele ya wanaume, basi Maria alipasua peke yake, jioni, wengine wakiisha kurudi nyumbani. Mwaka wa 1896 akapata diploma ya udaktari, mmoja wa wanawake wa kwanza katika Italia nzima. Mwaka huo huo alitumwa Berlin, kwenye mkutano wa wanawake wa mataifa, na huko akadai mwanamke alipwe sawa na mwanaume kwa kazi ileile.

Aliporudi alianza kufanya kazi kwenye kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu cha Roma. Kazi hiyo ilimpeleka kwenye nyumba za vichaa. Humo alikuta watoto. Ni watoto waliochelewa akili, wengine hawasemi, wengine hawatembei vizuri, na kwa sababu hakukuwa na fasi nyingine ya kuwaweka, walifungiwa pamoja na watu wazima wagonjwa. Husimuliwa kwamba mlinzi mmoja mwanamke alilalamika juu ya hao watoto, ati ni wachafu, wakiisha kula wanajitupa chini na kukamata makombo ya mkate. Montessori alitazama kile chumba, akaona hamna kitu kingine humo. Hakuna cha kushika, hakuna cha kuchezea, kuta nne tu. Akawaza kwamba pengine hao watoto hawatafuti chakula, wanatafuta kitu cha kufanya kwa mikono yao.

Akaanza kusoma vitabu vya waganga wawili Wafaransa waliomtangulia. Wa kwanza ni Itard, aliyejaribu miaka mingi kumfundisha mtoto aliyekutwa msituni akiishi kama mnyama. Wa pili ni Séguin, mwanafunzi wake, aliyetengeneza vifaa vya kufundishia watoto wenye akili nzito. Montessori alivinakili vitabu vyao kwa mkono, akavitafsiri kwa Kiitalia, ili asipitwe na neno. Mwaka wa 1900 shule ya watoto wa namna hiyo ikafunguliwa Roma, na yeye akawa mmoja wa wakubwa wake wawili. Alifanya kazi na watoto mchana, na usiku akaandika aliyoyaona. Baadhi ya watoto hao walifika kujua kusoma na kuandika, wakapita mtihani ule ule wa watoto wa shule za serikali. Watu wakashangilia. Yeye akasumbuliwa na swali lingine: kama watoto hawa wenye shida wamefika hapo, wale wazima wa shule za kawaida wanazuiliwa na nini hata wawe sawa nao?

Mkubwa wa pili wa shule hiyo alikuwa munganga Giuseppe Montesano. Yeye na Maria walikuwa wamependana, na tarehe 31 mwezi wa tatu mwaka wa 1898 walizaa mtoto, Mario. Ndoa haikufungwa. Katika Italia ya wakati ule, mwanamke aliyeolewa aliacha kazi, na mwanamke aliyezaa bila ndoa alipoteza jina lake lote. Basi mambo yakafichwa. Mario akapelekwa kijijini, nje ya Roma, kwa familia ya kumnyonyesha na kumlea. Maria na Montesano walipatana kwamba hakuna atakayeoa au kuolewa na mwingine, lakini mwaka wa 1901 Montesano akaoa mwanamke mwingine. Maria akaacha ile shule. Alikuwa akienda kumwona mtoto kijijini mara kwa mara, na mtoto akakua akimjua kama mgeni mmoja mama mzuri anayekuja kumtembelea.

Jambo hili huwa linapitiwa haraka katika habari za maisha yake, kana kwamba ni aibu ndogo pembeni ya kazi kubwa. Lakini kila mama aliyewahi kumwacha mtoto kwa bibi yake kijijini ili aende mjini kutafuta maisha anajua kwamba si kitu cha pembeni. Miaka ile ambayo Montessori alitazama watoto wa watu wengine kwa makini kuliko mtu yeyote, wa kwake alikuwa akijifunza kutembea na kusema kwenye nyumba nyingine.

Sasa tufike San Lorenzo. Hiyo ilikuwa kartie ya Roma iliyojengwa haraka haraka na wafanyabiashara waliotafuta faida, kisha pesa zikaisha na majumba yakabaki nusu. Maskini wakaingia humo, familia juu ya familia, chumba kimoja kikilala watu wa nyumba mbili au tatu. Baadaye kampuni moja ya nyumba ikanunua majengo, ikayatengeneza, ikapangisha wafanyakazi. Tatizo likabaki moja: mchana wazazi wote wako kazini, wakubwa kidogo wako shuleni, na wale wa miaka 3 hadi 6 wanabaki peke yao kwenye ngazi, wakikwaruza kuta na kuharibu kila kitu kipya. Kampuni ikapiga hesabu. Kumlipa mtu mmoja wa kuwachunga ni rahisi kuliko kupaka rangi kila mwaka. Tusijidanganye, garderi maarufu kuliko zote duniani ilianza kwa sababu ya rangi ya ukuta.

Montessori akaombwa aisimamie, akakubali. Tarehe 6 mwezi wa kwanza mwaka wa 1907 ikafunguliwa na watoto kama 50, ikaitwa Nyumba ya Watoto. Watoto waliingia wakilia, wenye hofu, wengine wakionekana wazi kwamba hawali vizuri. Mwanamke aliyewekwa kuwachunga hakuwa mwalimu wa kazi, na Montessori alikuja kusema kwamba hiyo ilikuwa bahati, maana hakuwa na mazoea ya shule ya kuharibu mambo.

Kwa wazazi kulikuwa na kanuni, zimebandikwa ukutani. Huduma ni ya bure. Mtoto aje ameoga na nguo safi. Mama amheshimu mlezi, na walau mara moja kwa juma aje kuongea naye juu ya mtoto wake. Mzazi asiyefuata, mtoto wake anarudishwa. Lakini mlango ulikuwa wazi kwa mama kuingia saa yoyote kutazama, maana nyumba ilikuwa ndani ya parsele yao wenyewe na ilihesabiwa kuwa mali yao. Siku za mwanzo Montessori aliwaeleza watu kwamba kama vile jirani wanavyoshirikiana taa ya barabarani, wanaweza pia kushirikiana kazi ya kuchunga watoto, ili mama aende kazini moyo wake ukiwa umetulia.

Yeye alileta vifaa vyake vya kazi ya zamani, akakaa akitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake, ya munganga anayemfuata mgonjwa kitandani: kutazama, kuandika, kubadilisha kitu kimoja, kutazama tena.

Siku moja alimwona msichana wa karibu miaka 3 akitia vipande vya mbao vya mviringo ndani ya matundu yake, kila kimoja na tundu la kipimo chake. Akimaliza anavitoa, anaanza upya. Montessori akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka. Msichana hakuinua kichwa. Akakinyanyua kiti na msichana juu yake, akamweka mezani. Yule mdogo alivishika vipande vyake asivipoteze, akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, akatazama watu kama aliyeamka usingizini, uso umefurahi. Watu wazima wote wa wakati ule walisema mtoto mdogo hawezi kutulia na kitu kimoja. Kumbe hakuwa amepewa kitu chenye maana kwake.

Siku nyingine mlezi alichelewa, na kabati la vifaa lilikuwa halikufungwa. Alipofika akakuta watoto wamelifungua, kila mmoja amechagua chake na anafanya kazi. Mlezi akaona ni wizi, wanataka kuadhibiwa. Montessori akaona kwamba wanajua wanachotaka. Toka hapo makabati marefu yenye ufunguo yakabadilishwa na meza fupi za ukutani ambazo mtoto anafika mwenyewe. Viti na meza zikatengenezwa ndogo, nyepesi, mtoto wa miaka 4 aweze kuzibeba. Leo hiyo inaonekana kitu cha kawaida. Wakati ule shule zilikuwa na mabenchi yaliyopigiliwa sakafuni.

Lakini somo ambalo yeye mwenyewe alilikumbuka sana lilikuwa juu ya kamasi. Aliwaza kuwaonyesha watoto namna ya kupenga pua: unatoa kitambaa, unakikunja, unapenga polepole bila kelele. Alidhani watacheka. Walitazama kimya kabisa, na alipomaliza wakampigia makofi kwa nguvu. Baadaye akaelewa. Hao ni watoto waliotukanwa kila siku kwa sababu ya pua zao, wakapanguswa kwa nguvu na mikono ya wakubwa, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukaa chini akawaonyesha inavyofanyika.

Hapo ndipo liko wazo lake lote, na vitabu vilivyofuata ni kulipanua tu. Kunawa, kufunga vifungo, kufagia, kumwaga maji bila kumwaga chini: mtoto wa miaka 3 anataka kufanya mwenyewe, na mkubwa mwenye haraka anamfanyia, kisha miaka michache baadaye anamlaumu kwamba ni mvivu. Hakutaka fimbo. Hata peremende za kumzawadia mtoto aliyefanya vizuri hakuzitaka, na watoto wa San Lorenzo wenyewe walionyesha kutozijali walipokuwa na kazi inayowapendeza.

Kuandika kulitoka kwa wazazi. Mama wa San Lorenzo, wengi wao wasiojua herufi, walikuja kumwomba awafundishe watoto kusoma. Hakuwa amepanga jambo hilo, aliwaona bado wadogo mno. Walisisitiza. Akakata herufi za karatasi ya msasa, akazibandika kwenye kadi, mtoto akawa anapitisha kidole juu ya herufi huku akitoa sauti yake. Miezi ikapita. Siku moja ya mwezi wa kumi na mbili, jua likiwaka, mtoto wa miaka 5 alikuwa akichora bomba la moshi kwa chaki sakafuni. Ghafla akaandika neno moja, kisha neno lingine, na lingine, akipiga kelele kwamba anaandika. Wengine wakakimbia kuomba chaki. Watoto wa kibarua wa miaka 4 na 5 wakawa wanaandika kwenye sakafu, kwenye kuta, hata kwenye mikate nyumbani kwao, na wazazi wao hawakuweza kusoma walichoandika.

Tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1908, tetemeko la ardhi liliuharibu mji wa Messina, kusini mwa Italia. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Watoto wapatao 60 waliokutwa peke yao kwenye kifusi waliletwa Roma, kwa masista Wafransisko wa Maria, barabara ya Via Giusti. Wengi hawakujulikana hata majina. Walikaa kimya, hawataki kula, hawalali, usiku kulikuwa na vilio. Masista wakafungua darasa la namna ya Montessori humo. Watoto walipewa nyumba ndogo yenye vitu vya kipimo chao, bustani, samaki, maua, wakaonyeshwa kuandaa meza, kubeba sahani, kutembea bila kugonga kitu. Polepole chakula kikarudi, usingizi ukarudi, kisha kicheko. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja, yeye alikuwa ameona tayari kitu gani kinampata mtoto aliyenyang'anywa kila kitu kwa siku moja. Mwaka wa 1917 akapendekeza kuundwe Msalaba Mweupe, watu waliofundishwa kuwatunza watoto walioumizwa rohoni na vita, kama vile Msalaba Mwekundu unavyotunza majeruhi. Wazo halikupata wa kulibeba.

Kitabu chake cha kwanza juu ya San Lorenzo kilitoka mwaka wa 1909, na baada ya hapo dunia ikamwita. Mama yake, aliyemsimamia toka utoto, alikufa mwishoni mwa mwaka wa 1912. Miezi michache baadaye Maria akamchukua Mario akae naye. Kijana alikuwa na miaka kama 15. Hadharani alimtaja kuwa ni mtoto wa ndugu, au mtoto wa kulea. Hawakuachana tena.

Mwaka wa 1913 akaenda Marekani, akapokelewa kama malkia. Mwaka mmoja baadaye mwalimu mkubwa wa huko, Kilpatrick, akaandika kumkosoa, kwamba vifaa vyake vinambana mtoto na havimwachii nafasi ya kuwaza mambo ya kubuni. Alikuwa na haki kidogo. Montessori hakupenda mtoto mdogo asimuliwe hadithi za wanyama wanaosema na majitu ya msituni, na hapo bibi zetu wa kandokando ya moto wana kitu cha kumjibu. Tena alishika kazi yake kwa mkono mgumu: vifaa viwe vyake, walimu wafundishwe na yeye.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la siasa. Mwaka wa 1924 alikubali msaada wa Mussolini, na kwa miaka kumi shule zake zilikua chini ya utawala wa mabavu. Serikali ilitaka watoto wa kutii na kuvaa sare. Walipogombana, mwaka wa 1934, shule zikafungwa, naye akatoka nchini. Huko Ujerumani Hitler alikuwa ameisha kuzifunga. Mwaka wa 1936 vita vya Hispania vikamkuta Barcelona, akakimbia kwa meli ya Waingereza, akaishia Uholanzi. Mwanamke wa miaka 66, mkimbizi.

Mwaka wa 1939 yeye na Mario walikwenda India kufundisha walimu kwa miezi michache. Italia ilipoingia vitani mwaka wa 1940, Waingereza waliwahesabu kuwa maadui. Mario akafungwa kambini. Maria alipofika miaka 70, mkubwa wa Waingereza huko India akamwachilia mwanawe kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Walibaki hadi mwaka wa 1946.

Huko India macho yake yaligeukia watoto wachanga, wale wa toka kuzaliwa hadi miaka 3. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1949 alieleza kwamba mtoto wa umri huo anavuta ndani yake kila kitu kilichomzunguka, lugha kwanza, bila mtu kumfundisha. Ndiyo sababu alisifu jambo ambalo Wazungu wengi wa wakati ule waliliona la kishenzi: mama anayembeba mtoto kwenye mwili wake popote aendapo. Mtoto aliyebebwa sokoni anaona nyuso, anasikia watu wakipatana bei, anasikia salamu, anaona rangi za vitu. Yule aliyelazwa peke yake kwenye kitanda safi, mlango umefungwa, analia, na wazazi wanashangaa analia nini.

Maria Montessori alikufa tarehe 6 mwezi wa tano mwaka wa 1952 huko Noordwijk, kando ya bahari ya Uholanzi, karibu kufikisha miaka 82. Husimuliwa kwamba siku zile alikuwa akiongea na Mario juu ya safari ya Afrika, kwenda Ghana, wakati huo bado koloni la Waingereza, kuwasaidia walimu wa huko. Safari haikufanyika. Kazi yake ilifika bila yeye, na nchini Tanzania kuna vyuo vinavyofundisha walimu wa watoto wadogo kwa njia yake. Lakini jina lenyewe halina mlinzi, mtu yeyote anaweza kuliandika mlangoni kwake. Mzazi anayetaka kujua kama ni la kweli aingie ndani atazame viti vina urefu gani, na kama mtoto anaruhusiwa kujimwagia maji yake ya kunywa.

Katika wasia wake alimwachia Mario kila kitu, na kwenye karatasi hiyo akamwita mtoto wake. Mario aliendelea na kazi ya mama yake hadi alipokufa, mwaka wa 1982.